UZI: Umeme wa Uganda ni wa maji, chakula cha Uganda ni cha mkaa. Tatizo liko wapi?

#1 FundiNyaya (Mbale)

Wadau, habari zenu. Kila nikipita majukwaani nakuta watu wamekabana koo. Mmoja anasema Uganda imeachwa nyuma kwenye nishati jadidifu, mwingine anasema tumeshaipita Ulaya. Wote wawili wana takwimu sahihi, ila kila mmoja anapima kitu chake.

Huyu wa pili anaangalia umeme. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, leo tunaliita Nalubaale, megawati 180. Pembeni yake Kiira, 200. Bujagali 250 tangu 2012, Isimba 183 tangu 2019, na Karuma 600 iliyozinduliwa rasmi Septemba 2024. Yote yamepangana kwenye mto mmoja, Nile. Ongeza vibwawa vidogo vya Rwenzori na Elgon, mitambo inayochoma makapi ya miwa kule Kakira na Kinyara, na mashamba ya sola ya Soroti, Tororo, Mayuge na Kabulasoke. Mitambo ya mafuta mazito ya Namanve na Tororo siku nyingi inakaa tu kama akiba. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya umeme tunaozalisha hautokani na mafuta. Makaa ya mawe hatuna kabisa.

Huyu wa kwanza anaangalia nishati yote: kupika, kuchoma matofali, kukausha chai na tumbaku, kuendesha magari. Huko umeme ni kama asilimia 2 hivi. Kuni, mkaa na mabaki ya mazao ni karibu sehemu 9 kati ya 10. Kinachobaki ni petroli na dizeli inayoletwa kutoka pwani.

Halafu kuna kichekesho kimoja. Kwenye majedwali ya kimataifa kuni zinahesabiwa kuwa nishati jadidifu, kwa sababu mti hukua tena. Kwa hesabu hiyo Uganda ni bingwa wa dunia. Lakini misitu ilikuwa imefunika karibu asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, na kufikia 2015 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9 hivi. Tangu hapo imepanda kidogo, ila si kiasi cha kujisifia. Mti unaokatwa upesi kuliko unavyoota hauna ujadidifu wowote, hata jedwali liseme nini.

Hoja yangu ni hii: mpito wa umeme Uganda, yaani kuhamia nishati isiyo ya mafuta, ulishafanyika kabla wengi wetu hatujazaliwa. Uliobaki ni wa jikoni na wa tangi la pikipiki, na huo hauzuiwi na uhaba wa megawati. Nchi ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000, na saa ya matumizi makubwa kabisa jioni tunazunguka kwenye 1,000 na ushei. Tuna umeme wa kumwaga. Kinachotuzuia ni bei ya yuniti na waya ya mwisho, ile kutoka kwenye nguzo hadi ndani ya nyumba.

Tujadili. Matusi ya vyama peleka uzi mwingine.


#2 HoimaMoja (Hoima)

Mzee FundiNyaya umeongea vizuri ila umeruka tembo aliyekaa sebuleni kwetu huku. Mafuta! Yaligunduliwa 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022. Bomba la kilomita 1,443 linatoka Kabaale hapa Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Visima vya Tilenga na Kingfisher vikifika kilele vitatoa mapipa 230,000 kwa siku. Halafu unatuambia mpito. Mpito wa kwenda wapi?


#3 FundiNyaya (Mbale)

@HoimaMoja sijaruka, nimepunguza. Mafuta ya Hoima ni biashara ya kuuza nje. Ni mazito, yana nta, ndiyo maana bomba lenyewe inabidi lipashwe moto njia nzima yasigande. Asilimia 62 ya bomba ni ya TotalEnergies ya Ufaransa, mashirika ya mafuta ya taifa, UNOC yetu na TPDC ya Tanzania, yana 15 kila moja, CNOOC ya China 8. Yakifika Tanga yanapanda meli. Hakuna mama wa Mbale atakayeyapikia.

Kiwanda cha kusafisha ndicho kingebadilisha kitu humu ndani. Kimepangwa cha mapipa 60,000 kwa siku, na mkataba na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu umesainiwa 2025. Gesi ya mitungi ikitoka humo kwa bei nafuu, sawa, tutaongea. Kwa sasa gesi inatoka Mombasa kwa lori na ni ya wachache.

Swali la kama fedha za mafuta zitavuta nyaya hadi vijijini au zitaishia kwenye kulipa madeni, hilo ni halali. Mimi siweki matumaini makubwa, lakini hiyo ni tabia yangu.


#4 MamaKatogo (Kampala)

Nyie wanaume mnaongea megawati. Mimi nauza katogo na chai karibu na stendi ya teksi, ngoja niwape hesabu ya sufuria.

Gunia la mkaa hapa Kampala limevuka laki moja, msimu wa mvua ndiyo usiulize. Mwenye mtaji ananunua gunia. Asiye na mtaji ananunua kwa kavera (mfuko wa plastiki) asubuhi, kavera jingine jioni, na mwisho wa mwezi amelipa kuliko mwenye gunia. Sasa mtu akiniambia umeme ni nafuu nitamwamini, lakini umeme unanitaka nilipe nini kwanza? Sufuria yenyewe, waya, soketi, na mwenye nyumba akubali. Mwenye nyumba wangu wa muzigo (nyumba ya vyumba vya kupanga) alitundika karatasi mlangoni: jiko la koili marufuku, pasi marufuku. Mita ni moja ya vyumba vyote, yeye anakusanya bei moja kwa kila chumba. Akiona mtu anapika kwa umeme anadai nyongeza au anakutoa.

Kwa hiyo sigiri (jiko la mkaa) itabaki hapo hapo mlangoni. Si kwamba hatujui moshi ni mbaya, tunajua.


#5 BintiAringa (Arua)

Asante nyabo @MamaKatogo, hapo ndipo penyewe.

Sisi wa West Nile, huku kaskazini magharibi, tulikuwa nje ya gridi ya taifa miaka yote hiyo mnayosema Uganda ina umeme wa kumwaga. Tulitegemea kibwawa cha Nyagak, megawati 3.5, na jenereta. Umeme ulikuja kwa saa na ukaondoka kwa saa. Laini kubwa kutoka Lira kupitia Gulu na Nebbi imefika Arua 2024, miaka sabini baada ya Owen Falls! Nawakumbusha tu wale wanaosema "taifa" kwa maana ya Kampala na Jinja.

Na kuhusu kuni: huku tuna makazi ya wakimbizi, Bidi Bidi peke yake ina watu zaidi ya 200,000. Wanapika kwa nini? Kwa miti ileile tunayopikia sisi wenyeji. Mwanamke anatembea mbali, akifika anakutana na mwenye shamba mwenye hasira. Ugomvi mwingi wa huku chanzo chake ni kuni, wala si kabila.

Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini, baada ya watu wa Acholi kulalamika kwamba miti ya shea, inayoitwa "yao", inamalizwa. Ile miti ya mafuta ya kupaka na kupikia, mnaijua, haioti kwa mwaka mmoja wala miwili. Magari yalipungua barabarani mchana. Usiku sitaki kusema. Bei ya gunia Kampala ikapanda, na ikipanda, anayekata mti anapata sababu zaidi ya kukata. Marufuku bila jiko mbadala ni kumpa polisi wa kizuizi cha barabarani kipato.


#6 KageraKwetu (Bukoba, TZ)

Habari wakuu. Mimi ni mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, lakini taa yangu ni ya kwenu. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi umekula umeme wa Uganda kupitia laini ya Masaka kwenda Kyaka. Jinja ikikohoa, Bukoba tunapata homa. Sasa TANESCO inajenga laini ya Benaco hadi Kyaka ili tuungwe na gridi ya kwetu. Tuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, kwa hiyo haikuwa na maana kuendelea hivyo.

Kwa upande wa kupikia, kwetu serikali ilizindua mkakati Mei 2024: ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Na kabla ya hapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia moja ziliamriwa kuacha kuni na mkaa. Shule, magereza, majeshi. Utekelezaji una mapengo, siwadanganyi, lakini kuanza na taasisi ilikuwa akili. Jiko moja la shule linakula kuni za mtaa mzima.

Je, kwenu hili lipo?


#7 FundiNyaya (Mbale)

@KageraKwetu karibu mkuu. Mipango ipo. Desemba 2023 kule Dubai serikali ilizindua mpango wa mpito wa nishati ulioandaliwa pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati. Shule zenye majiko banifu zipo, na chache zina umeme jikoni. Ila amri kama ya kwenu kwa taasisi zote sijaiona ikitekelezwa. Ningekuwa waziri ningeanzia hapo. Shule ya bweni ina hesabu, ina bajeti, ina mtu wa kusaini. Ni rahisi kuliko kumfuata MamaKatogo mmoja mmoja.

@MamaKatogo mama, umenipa kazi. Hebu tuangalie bei, maana humo kuna jambo ambalo wengi hawalijui.

Mwenye mita ya nyumbani anapata yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja. Hiyo ni ya kumsaidia mnyonge. Kutoka ya 16 hadi ya 80 analipa bei kamili. Natumia 756, ya robo ya pili ya 2025 baada ya Umeme Limited, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme, kuondoka. Kutoka ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412, na hii ndiyo wanaita bei ya kupikia, ilianza 2022. Ukipita 150 unarudi kwenye bei kamili. Kodi ya VAT asilimia 18 inakuja juu ya yote hayo.

Piga hesabu. 15 mara 250 ni 3,750. 65 mara 756 ni 49,140. Jumla 52,890 kabla hujagusa yuniti hata moja ya bei ya kupikia. Familia ya vyumba viwili yenye taa, redio, simu na televisheni ndogo haifiki yuniti 80, wala haifiki nusu yake. Kwa hiyo wakianza kupika, yuniti zao za kupikia zinaangukia kwenye bei ya juu kabisa. Anayefika ya 81 ni yule ambaye tayari ana friji, pasi na hita ya maji. Bei ya kupikia imewekwa kwenye rafu ambayo mpishi mwenyewe haifikii.

Na hiyo yuniti 15 ya mnyonge ni ya mita, si ya familia. Muzigo wenye vyumba vinane na mita moja wanagawana zilezile 15. Aliyeibuni alimfikiria mtu mwenye nyumba yake.


#8 MakerereNjaa (Kampala)

Sawa mzee, lakini usiache hapo. Fanya na upande wa pili. Maharage kwenye sufuria ya presha ya umeme hayafiki nusu yuniti. Hata kwa 756 na VAT juu, yuniti nzima ni kama 892, nusu yake ni 446. Mkaa wa kuchemsha maharage hayohayo kwa sigiri ni zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo hata kwa bei mbaya umeme unashinda kwenye maharage. Kwenye matoke, nyama ngumu, mahindi, hivyo hivyo. Unaposhindwa ni koili ya kawaida, hiyo inakula yuniti bila huruma. Watu wamepima kwa koili wakahukumu umeme wote.

Kwa hiyo naona tatizo ni bei ya kifaa na mwenye nyumba. Bei ya yuniti inakuja baadaye.


#9 FundiNyaya (Mbale)

@MakerereNjaa nakubali kwenye maharage. Kwenye kukaanga chapati na mandazi kutwa nzima, sikubali. Na mtu hanunui kifaa cha laki mbili kwa sababu ya maharage peke yake. Anataka ajue kesho umeme upo.


#10 BodaWaNtinda (Kampala)

Kuhusu tangi la pikipiki mimi ndiye shahidi. Nimetoka petroli nikaingia ya betri. Kampala sasa kuna Zembo, Gogo, Spiro, wote wana vituo vya kubadilisha betri. Unaingia na betri iliyoisha, unatoka na iliyojaa, dakika chache. Petroli lita moja inacheza kwenye elfu tano, kukitokea fujo Mombasa au vita ya mbali inapanda siku hiyohiyo. Betri haipandi kila wiki. Na hakuna kumwaga oili.

Ubaya wake: nje ya Kampala na miji yake vituo hakuna. Abiria akiniambia Masaka namwelekeza kwa mwenzangu wa petroli. Na jioni vituoni kuna foleni, kila mtu anataka kujaza kabla ya kazi ya usiku.

Swali kwa mzee: betri zetu zinachajiwa jioni saa ileile ambayo kila mtu amewasha taa na televisheni. Tukifika laki moja, gridi itahimili?


#11 FundiNyaya (Mbale)

@BodaWaNtinda swali zuri kuliko yote humu, ngoja nikae chini.

Megawati si shida. Shida ni saa na mahali. Viwanda na wafanyabiashara wana bei ya saa: kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ghali, saa 6 usiku hadi alfajiri rahisi. Kituo cha betri chenye akili kinachaji usiku wa manane, maana mto haulali na saa hizo maji yanapita mitambo imezimwa nusu. Mteja wa kawaida wa nyumbani hana bei hiyo. Angekuwa nayo angewasha hita ya maji saa 8 usiku.

Na hapo ndipo kuna deni ambalo watu hawalioni. Mikataba mingi ya mabwawa inasema: umeme uliokuwa tayari kuzalishwa unalipiwa hata kama haukuchukuliwa. Laini haijakamilika, au transfoma ni ndogo, au usiku hakuna anayeutaka, bado unalipa. Karuma yenyewe ilikamilika kabla ya wateja wa kuutumia kupatikana, na asilimia 85 ya fedha zake ni mkopo wa Benki ya Exim ya China, mkopo usiosubiri wateja. Bujagali ilikuwa ikiuza ghali hadi mikopo yake ilipopangwa upya 2018, na Bunge limekuwa likiiongezea msamaha wa kodi ili bei isipande. Nalubaale na Kiira ndizo rahisi, maana ni za zamani. Ukichanganya zote, pamoja na gharama za nyaya, unapata ile 756.

Kwa hiyo kila yuniti ya usiku isiyotumika tumeilipia, halafu asubuhi tunanunua mkaa. Tunalipa mara mbili kwa chai ileile.


#12 JinjaMtoni (Jinja)

Mimi nina shaka na sifa zote za maji. Wazee humu mnakumbuka 2005 na 2006? Ziwa Victoria lilishuka, na mgawo ukawa siku moja umeme, siku moja giza. Serikali ikakodi jenereta za kampuni ya Aggreko, megawati 50 Lugogo, 50 nyingine hapa Kiira. Dizeli ilikula bajeti. Wataalamu walibishana kama ni ukame au ni mabwawa mawili kufungulia maji zaidi ya yale makubaliano ya enzi ya Mwingereza na Misri kuhusu kiasi cha kutoka ziwani. Mimi naamini vyote viwili.

Halafu 2020 kinyume chake: ziwa likajaa hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na mwezi Aprili kisiwa cha mafunjo kikaelea hadi kwenye milango ya mitambo, nchi nzima ikazimika. Kisiwa! Agosti 2022 Isimba ikaingia maji ndani ya jumba la mitambo, megawati 183 zikatoka kwa mpigo.

Mayai yote kwenye mto mmoja, ndiyo hali yetu. Nauliza kwa nini sola bado ni mashamba manne ya megawati 10 na 20.


#13 FundiNyaya (Mbale)

@JinjaMtoni kwa sababu sola ya mchana inagongana na maji ya mchana, ambayo yapo ya ziada. Ile ya Soroti ilifunguliwa 2016 bila betri. Saa 1 jioni, watu wanapouhitaji, jua limeshazama. Betri zimeshuka bei sana tangu wakati huo, kwa hiyo jibu la 2016 si jibu la leo. Mwaka wa ukame, sola mchana ingeacha maji yabaki ziwani kwa ajili ya jioni, hapo ningeijenga hata kesho. Lakini ningeijenga Arua na Moroto kule Karamoja, kwenye ncha za laini, si karibu na Jinja.

Umeme wa joto la ardhi, kabla mtu hajauliza: tuna Kibiro, Panyimur, Buranga na Katwe. Joto lake kwa sehemu kubwa ni la nyufa za bonde la ufa, si la volkano changa kama Olkaria ya Wakenya. Utafiti unaendelea, umeme bado. Nyuklia ya Buyende nayo iko kwenye makaratasi na ugomvi wa fidia za ardhi. Mimi siizungumzii mpaka nione zege.

Sehemu ambazo watu huzisahau ni visiwa. Lolwe kule Namayingo ina mtambo wa sola wa kilowati 600 na betri, wavuvi wanapata barafu ya samaki. Kalangala wana mseto wa sola na dizeli. Yuniti huko huwa ghali kuliko bara, lakini mbadala wake ni jenereta ya mtu binafsi, na hiyo ndiyo ghali kweli.


#14 HoimaMoja (Hoima)

Na hao waliochukua nyaya je? Umeme Limited wameondoka 31 Machi 2025, UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, wamechukua. Tuliambiwa bei itashuka na giza litaisha.


#15 FundiNyaya (Mbale)

Bei ya nyumbani ilishuka kutoka kama 775 hadi 756, umeiona kwenye mita? Mimi nimeiona, ukitumia miwani.

Tuwe waadilifu. Umeme Limited walianza 2005 wakakuta karibu asilimia 38 ya umeme inapotea, kwa wizi na kwa nyaya mbovu, wakaishusha hadi karibu 16 au 17. Walileta Yaka, mita za kulipia kabla, wakamaliza ugomvi wa bili. Upande mwingine walihakikishiwa faida kwenye kila dola waliyowekeza, na mteja ndiye aliyeilipa. Serikali imewalipa dola milioni 118 za kuondoka, wao wakadai zaidi, kesi ikapelekwa London. Deni lolote likitoka huko litarudi kwenye yuniti, hakuna pengine pa kulipeleka.

UEDCL wamerithi nguzo zilizooza na transfoma zilizozidiwa. Miaka ya mwisho ya mkataba hakuna aliyekuwa na hamu ya kuweka fedha kwenye mali anayoiacha. Kwa hiyo kukatika kwa umeme kwa mwaka mmoja au miwili nilikutarajia. Nisichokitarajia ni kuona vituo vidogo vya mitaani vikiachwa tena kwa sababu kila waziri anataka kukata utepe wa bwawa. Transfoma ya mtaa haikatiwi utepe. Nenda kwenye vibao vyote vya barabarani, hutakuta kibao cha transfoma.


#16 BintiAringa (Arua)

Na waya ya mwisho? Mwaka 2018 serikali ilitangaza kuunganisha bure walio karibu na nguzo. Fedha zikaisha, fomu zikabaki ofisini. Sasa kuna mradi wa Benki ya Dunia, dola milioni 638. Huku Arua majirani zangu wamejaza fomu mara ya pili. Wanaoruka foleni ni wenye kujuana.

Wakati huo kijana anakuja na sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, taa tatu na chaji ya simu, anaifunga siku hiyohiyo. Watu wanaichukua. Haipiki, lakini taa ya koroboi imekwisha vijijini kwa sababu ya hiyo sola, si kwa sababu ya gridi.


#17 FundiNyaya (Mbale)

@BintiAringa kabisa dada. Koroboi iliondoka bila amri ya Rais wala mkutano Dubai, kwa sababu mtu alilipa kidogo kidogo na kifaa kilifika mlangoni siku ileile. Sufuria ya presha iuzwe vivyo hivyo, kwa simu, kwa miezi. Bei ya kupikia ianzie yuniti ya 16 badala ya 81. Mwenye muzigo aruhusiwe mita ndogo kwa kila chumba na kila chumba kihesabiwe 15 zake. Hivyo vitatu havihitaji bwawa jipya, na Ayago ya megawati 840 inaweza kusubiri. Hata maporomoko ya Murchison yaachwe kwa watalii, wale waliotaka kuyajengea bwawa mwaka 2019 watafute pengine.


#18 MakerereNjaa (Kampala)

Kwenye yuniti ya 16 ERA, mamlaka inayopanga bei za umeme, watakuuliza nani atafidia pengo. Yuniti ya 412 iko chini ya gharama ya kuifikisha nyumbani.


#19 FundiNyaya (Mbale)

Yuniti ya usiku inayolipiwa bila kutumika gharama yake ya ziada ni karibu sifuri. Waanze na hiyo: bei ya kupikia kwa wote kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Maharage, uji na maji ya moto yanaweza kupikwa alfajiri. Wakiona wateja wanaongezeka, wasogeze saa. Pengo likibaki, ndiyo tuongee ruzuku, na ruzuku ya yuniti ni bora kuliko ruzuku tuliyokuwa tukimwagia dizeli ya Lugogo.


#20 MamaKatogo (Kampala)

Saa kumi na moja alfajiri mimi nipo jikoni tayari, hiyo bei ningeitumia yote.

Fundi, swali la mwisho. Mwenye nyumba amelegeza kidogo, amesema nikileta fundi mwenye leseni na mita yangu ndogo anakubali. Chumba changu kina soketi moja, waya ni ule mwembamba wa taa. Sufuria ya wati 1,000 itaunguza?


#21 FundiNyaya (Mbale)

Wati 1,000 kwa volti 240 ni ampea 4 na kidogo. Si nyingi, ila waya wa taa usiutumie. Avute laini mpya ya milimita 2.5 kutoka kwenye boksi hadi soketi ya ampea 13, na swichi yake ya kujizima iwe peke yake. Kama vyumba vinane vyote vinataka, kwanza apime waya mkubwa unaoingia kwenye mita, maana huo ndio utakaoungua wa kwanza. Muulize umeandikwa milimita ngapi, kisha niletee jibu hapa hapa.